Litania ya Mabenchi

Jumamosi asubuhi, Ayak alipofika na ndoo yake kwenye benchi lililo karibu na nguzo, alimwomba marehemu Walburga Stecher ainue miguu. Walburga aliinua. Ayak akapiga deki chini ya viatu vyake vizito, ambavyo siku zote viliacha maji kidogo sakafuni. Yalikuwa maji ya theluji. Akina mama wa usafi walishazoea, tena walisema afadhali theluji kuliko vumbi la Juba, maana theluji hukauka yenyewe.

"Asante, mama," alisema Ayak.

Walburga alishusha miguu, akaendelea kuitazama altare. Wenzake wote walikuja Jumapili tu, lakini yeye alikuja na Jumamosi pia, na akina mama walikubaliana kwamba huko kwao lazima alikuwa mtu wa usafi. Ilionekana kwa namna alivyomtazama mtu anayekamua kitambaa vibaya.

Benchi hilo lilifika kwa kontena, kupitia Mombasa na Nimule, pamoja na mengine mengi. Lilitolewa zawadi na parokia moja ya milimani huko Ulaya iliyoishiwa watu. Wengine walikufa, wengine waliacha tu kwenda kanisani, na mwisho jengo likauzwa likawa hoteli. Vitu vya ndani vikatumwa mahali ambako watu bado wanasali, ndiyo kusema Juba. Ndani ya kontena mlikuwa na Bikira Maria aliyebandikwa pua kwa gundi, kiti cha kuungamia chenye pazia la zambarau, vinara vya mishumaa, Mtakatifu Roko na mbwa wake, na Mtakatifu Floriani, ambaye amesimama na ndoo akimwagia maji kijumba kinachoungua. Floriani alipendwa tangu siku ya kwanza. Hapa kila mtu ana nyumba iliyoungua, au ana ndugu mwenye nyumba iliyoungua, na hakuna aliyewahi kuona sanamu ya mtu aliyekuja na ndoo.

Padri Gaetano, paroko wa kanisa kuu, alilia kwa shukrani. Kisha alipanguza macho akamwita fundi Makuach, kwa kuwa nusu ya mabenchi yalikuwa yamelegea miguu.

Kosa lililofuata lilikuwa la Mama Cissy, na hakuna anayemlaumu. Mama Cissy ni Mganda, ana duka la vitambaa Malakia, na ndiye kiongozi wa akina mama katika Misa ya Kiswahili, wanayoiendea Waganda, Wakenya, na Wasudani Kusini waliokulia Kenya, kama Ayak. Mama Cissy aliona kwamba kila kitu kilichotoka kwenye kontena kina kibao kidogo cha shaba. Chini ya Floriani kiliandikwa Floriani. Chini ya Roko kiliandikwa Roko. Mwisho wa kila benchi napo pana kibao: Alois Gamper, Walburga Stecher, Kreszenz Thaler, na kuendelea hadi nyuma kabisa. Ni kweli hakuwahi kuwasikia hao. Lakini watakatifu ni wengi, na wa Ulaya ni wengi zaidi, kwa sababu wao ndio walioanza kuwahesabu.

Basi Jumapili, alipoongoza Litania ya Watakatifu kabla ya Misa, hakuishia kwa Petro na Paulo.

"Mtakatifu Alois Gamper," aliita.

"Utuombee," waliitika watu.

"Mtakatifu Walburga Stecher."

"Utuombee."

Akazunguka na macho kanisa zima, benchi kwa benchi. Mwisho kabisa akafika kwenye kibao kipya kuliko vyote, kilichobandikwa kwenye mimbari. "Mtakatifu Ater," aliita. Ater mwenyewe, aliyekuwa ametoa mimbari hiyo na spika zake, alikuwa amekaa mstari wa mbele na mkewe. Mama Cissy alimjua vizuri. Alieleza baadaye kwamba kuruka kibao kimoja kungekuwa ubaguzi. Watu waliitika. Ater aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, wala hakukanusha.

Waliendelea hivyo Jumapili kadhaa, na mwisho wale watu wa milimani wakaja. Hawakuja kwa kishindo. Litania ilipofika katikati, waliokuwa wamekaa mwisho wa mabenchi walihisi baridi ubavuni, wakasogea kwa adabu, na walipotazama wakamkuta mtu amekaa. Kila mmoja alikaa penye jina lake. Walivaa makoti ya sufu na kofia walizoshika mapajani, na nyuso zao zilikuwa na wekundu wa watu waliotembea mlimani. Hawakusema neno. Nyimbo za Kiswahili waliziimba kwa kuguna tu, wakichelewa kidogo. Mtoto mmoja wa Kiganda akauliza kama hawa ni makawaja, yaani Wazungu. Mama yake akamwambia ndiyo, ila wamekufa, akae vizuri.

Mgeni hupewa maji kabla ya kuulizwa habari zake. Ndivyo walivyofanya akina mama. Walipitisha bilauri, wafu wakapokea kwa mikono miwili, na maji yalipungua. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama Cissy, kwa kukosa jembe, aliwapa vitabu vya nyimbo.

Padri Gaetano aliwaita akina mama sakristia.

"Wale si watakatifu," aliwaambia taratibu. "Ni watu walionunua mabenchi, kule kwao. Wakaandikwa majina. Basi."

Akina mama walimgeukia Mama Cissy.

"Sasa Baba," alisema Mama Cissy, "hawa watu tumeita sisi. Wamekuja, wamekunywa maji. Leo wewe nataka tuwaambie rudi? Kutoka hapa mpaka Ulaya? Na hii baridi iko nao?"

Padri Gaetano alisomea Uganda na alijua kwamba mabishano na Mama Cissy ni kazi ya vijana. Alifikiri kidogo, akaamua kwamba roho za marehemu zinaweza kuombwa sala bila kosa, mradi zisiitwe takatifu. Tangu siku hiyo wakaitwa "ndugu Alois" na "dada Walburga." Ater, kwa kuwa alikuwa hai, aliondolewa kwenye litania, ila kibao chake kilibaki kwenye mimbari.

Hayo yote Ayak aliyatazama, maana yeye alikuwa na lake.

Mumewe aliitwa Riang. Walikutana Kakuma, kambi ya wakimbizi huko Kenya, wakasoma shule moja, wakaoana, wakarudi Juba mwaka wa uhuru na magodoro juu ya lori wakiimba njia nzima. Walipanga nyumba mtaa wa Munuki. Riang alifundisha hesabu sekondari. Alikuwa mtu wa kuanza kucheka kabla hajamaliza kichekesho chake, hata hakuna aliyewahi kusikia mwisho wa vichekesho vile, na watu walicheka hivyo hivyo kwa kumwonea huruma. Kwenye paji la uso alikuwa na mistari sita aliyochanjwa ujanani, toka sikio hadi sikio, kama wanaume wa kwao. Ulipoingia mwaka wa mapigano, mistari ile ilitosha kutambulisha kabila lake. Watu wenye bunduki waliingia uani mchana, wakamchukua akiwa na ndala mguu mmoja. Hawakuhitaji kuuliza nyumba. Nje ya lango, kando ya gari, alisimama jirani yao aliyekuwa akija kwao Jumapili kula samaki. Hakuingia ndani. Aliinua kidevu tu kuelekea mlango wao, na Ayak alimwona. Jirani huyo alikuwa Ater.

Riang hakurudi, wala mwili wake haukuonekana. Na hapa Juba, mtu akifa watu hukaa bika: hema hufungwa uani, viti hukodiwa, na wanaokuja hupita mmoja mmoja wakimshika mfiwa mkono na kumwambia *baraka fikum*, baraka iwe nanyi. Ayak hakukaliwa bika. Hakukuwa na maiti, na majirani walimshauri anyamaze, kwa kuwa aliye na bika huulizwa nani ameua. Miaka ikapita hivyo. Alitamani jambo moja tu duniani, jina la mumewe litamkwe mbele za watu na watu waje wamshike mkono.

Jumapili moja Mama Cissy alikuwa na mafua, sauti ikamkauka katikati ya litania, hivyo waliokaa upande wa kushoto hawakuitwa. Hawakuja. Viti vyao vilikaa vitupu, vikiwa vikavu kabisa. Ayak aliliona hilo. Kumbe mtu huitwa ndipo huja; hata Walburga hakuanza kuja Jumamosi mpaka alipokwisha kuitwa Jumapili.

Alianza kwa Makuach fundi, aliyekulia Kenya kama yeye, akamwomba amchongee kibao.

"Sasa mathe, hako ni kakitu kadogo," alisema Makuach. "Nipe tu jina, nakutengenezea leo leo." Alipolisikia jina aliacha kupiga randa. Kisha akaokota kipande cha shaba cha kufuli kuukuu, akakisugua mpaka kikang'aa, akachonga herufi polepole bila kuinua kichwa. Hakutaka kulipwa.

Ayak akakipeleka kibao kwa Padri Gaetano. Padri alikisoma, akamwekea kiti, akamtilia chai mwenyewe.

"Mama Ayak," alisema, "jina moja haliji peke yake. Nikiliweka hili, kesho watakuja kumi, keshokutwa mia. Mabenchi ya Ulaya nzima hayatatosha. Na likisomwa, kuna atakayeuliza ilikuwaje. Waliofanya wanasali hapa hapa. Mimi nawapa komunyo."

"Najua, Baba. Namwona mmoja kila Jumapili."

"Basi unajua." Aliweka kibao kwenye droo ya sakristia, juu ya mishumaa, kwa upole kama mtu anayelaza kitoto. "Malesh, unisamehe, mwanangu. Nitamwombea kimoyomoyo."

Alikuwa akisema kweli. Alimwombea kimoyomoyo kila siku, na kwa hofu pia.

Ayak akaenda kwa Mama Cissy dukani Malakia. Mama Cissy alisikiliza hadi mwisho, akifungua na kufunga mkasi.

"Mama Ayak, mimi nakupenda," alisema. "Lakini mimi iko mgeni hapa. Iko na duka, iko na watoto. Nikiita hiyo jina kwa maikrofoni, jioni watu nakuja kuuliza karatasi zangu. Wazungu walikufa kwa kitanda, kuita wao ni rahisi."

Ayak hakumkasirikia. Alimsaidia kukunja vitambaa, akapanda bodaboda akarudi Munuki, akalala bila kula.

Hakuwa na mwingine wa kumweleza isipokuwa Walburga. Kwa hiyo Jumamosi, akipanguza benchi, alimweleza. Alimweleza habari za Kakuma na lori na nyimbo za njiani, na vile vichekesho visivyo na mwisho. Alimweleza jinsi Riang alivyotia chumvi kwenye chai akidai ni mila, na haikuwa mila ya mtu yeyote. Alimweleza mistari sita. Alimweleza ndala. Jumamosi iliyofuata alimweleza tena, na nyingine tena, kwa Kiswahili, maana hakujua lugha ya milimani. Walburga alisikiliza akitazama altare. Mara moja tu, Ayak alipofika kwenye habari ya kidevu, yule mama aligeuza kichwa polepole akaitazama mimbari, kisha akarudisha macho yake mahali pake.

Ikaja Jumapili ya joto kali, jenereta ikinguruma nyuma ya sakristia na feni zikizungusha hewa ile ile. Mama Cissy aliita majina yote, wafu wakaja wote, wakapewa maji. Akafunga kitabu. Katika ule ukimya mfupi kabla ya wimbo wa kuingia, Walburga Stecher alisimama. Hakuna marehemu aliyewahi kusimama kabla ya Injili. Alishika ukingo wa benchi la mbele kwa mikono yake mipana, akasema kwa Kiswahili chenye makunyanzi ya kwao:

"Ndugu Riang Gatluak."

Walio hai walinyamaza. Kila mtu alikitazama kitabu chake cha nyimbo. Mama Cissy alifumba macho.

"Utuombee," waliitika wafu.

Waliitika wote kwa pamoja, kwa sauti ambayo watu hawakujua wanayo, nzito na yenye baridi, hata mishumaa kwenye vinara vyao ikainama. Padri Gaetano alikuwa mlangoni na wahudumu wake, tayari kuingia. Alihisi mtu anampita begani, akampisha.

Riang alipita katikati ya kanisa akiwa na ndala mguu mmoja. Shati lilikuwa lile la mistari alilochukuliwa nalo. Nywele zake zilikuwa na udongo mkavu, na udongo huo ulidondoka kidogo kidogo kwenye sakafu ambayo mkewe aliipiga deki jana yake. Hakuwa na kibao, hivyo alisimama akatazama huku na huku kama mtu aliyechelewa harusini. Walburga alisogea. Ayak naye akasogea. Riang akakaa katikati yao, na baridi yake haikuwa ya theluji, ilikuwa ya ardhi.

Ayak alimtazama kwa pembeni. Alitaka kumwuliza mahali alipolazwa, na aliuliza, kwa kunong'ona, kama mtu anayeuliza ukurasa wa wimbo. Lakini wafu husema katika sala tu, na hilo halikuwa sala. Riang alitabasamu kidogo, kwa namna ile ya kutaka kucheka kabla ya wakati. Ayak alipangusa udongo kwenye bega lake. Furaha ilimjaa kifuani mpaka ikamuuma.

Misa iliendelea. Somo la kwanza lilisomwa na mwalimu wa katekisimu. La pili, kwa zamu iliyopangwa tangu mwanzo wa mwezi, lilisomwa na Ater. Alipanda kwenye mimbari, akarekebisha maikrofoni, akainua macho awatazame watu kama wasomaji wanavyofundishwa. Macho yalifika kwenye benchi lililo karibu na nguzo, yakakaa hapo kidogo. Kisha akasoma, bila kukosea neno, mpaka mwisho.

Baada ya baraka watu hawakutoka. Wafu walikuwa wamekwisha simama. Walipanga mstari, kofia mkononi, Alois Gamper mbele, wakaja kwenye benchi la Ayak. Pengine kwao pia mfiwa hushikwa mkono, au pengine walijifunza kwa kutazama mazishi ya hapa kutoka kwenye viti vyao. Mmoja mmoja walimshika Ayak mkono, wakapita. Ayak alielewa kwamba hii ndiyo bika. Akavuta kanga kichwani, akakaa kama mfiwa anavyokaa.

Baada ya wafu akaja Makuach, na vumbi la mbao kwenye nyusi. "Baraka fikum, mathe," alisema. Akaja Mama Cissy na chupa ya chai, akilia waziwazi, akakaa sakafuni miguuni pa Ayak. Padri Gaetano alivua kasula, joho lake la Misa, akaja na alba, kanzu nyeupe ya ndani, peke yake. Alimshika mkono Ayak, na akiwa bado ameushika aliutazama ule mwingine, wa Riang, akaugusa. Halafu wakaja walio hai wengine, kidogo kidogo, wale walioishi Munuki mwaka ule na wale ambao hawakuwapo. "Baraka fikum," walisema. Hawakutaja jina. Walitazama chini, wakashika mkono, wakapita nje kwenye jua.

Wa mwisho alikuwa Ater. Mkewe alibaki mlangoni. Alikuja kwa mwendo wa mtu mwenye heshima zake, akapita mbele ya Riang kwa kuinama kidogo, kama mtu anayepita mbele ya mkubwa aliyeketi, akauchukua mkono wa Ayak kwa mikono yake miwili.

"Baraka fikum, mke wa ndugu yangu," alisema. "Pole sana. Alikuwa mtu mzuri."

Kwenye bika mkono haukataliwi. Ni mila, na Ayak alikuwa ameisubiri mila hiyo miaka mingi kiasi kwamba hangeweza kuivunja sasa, siku yake ilipofika. Mikono yote ya asubuhi ile, hata ya walio hai, aliisikia baridi. Ya Ater ilikuwa na joto zuri, laini, na ilimshika kwa muda unaofaa.

"Asante kwa kuja," alisema Ayak.

Ater alitikisa kichwa, akatoka. Mlangoni watu walimpisha, wengine wakamwita mheshimiwa wakimuuliza habari za watoto. Ayak alisikia gari likiwashwa uani. Riang naye alilisikia, kwa sababu aligeuza uso kuelekea mlangoni na kusikiliza mpaka lilipoingia barabarani, na kisha, akiwa mtu asiyeweza kukaa na kinyongo hata alipokuwa hai, akamgeukia mkewe. Hapo ndipo Ayak alipolia kwa sauti, kilio kizima cha miaka yote, na Mama Cissy akamshika magoti.